Glasi ya Mwenye Pombe

Ipinda, Jumapili, 9 Machi

Chupa imepasuka ghalani leo, mchana kweupe, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Lazaro alikuwa anasukuma maji nje kwa fagio, akalitupa na kutoka mbio. Huyu Lazaro, kibarua wetu, ni baba wa watoto wanne na anabeba gunia la mpunga kama mto wa kulalia, lakini kishindo cha chupa moja kimemfikisha dukani kwa jirani yetu Asia. Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu Februari, na papo hapo nikajisikia vibaya.

Naandika kwa sababu Hezroni alinizoesha. Kila pombe tuliyopika tuliionja wote wawili na kuandika: rangi, povu, harufu, ladha, na inavyokwisha mdomoni. Mume wangu hakuuamini ulimi usioandika.

Mwezi uliopita alivuka mto Songwe pale Katumba kwenda Karonga, ng'ambo ya mpaka, kutafuta chupa nene za pishi lijalo, maana chupa za kawaida hazihimili nguvu ya tripeli. Wakati wa kurudi mto ulikuwa umejaa, mtumbwi ukapinduka. Wawili waliokolewa. Kreti za chupa ziliokotwa kwenye matete. Hezroni hajaonekana, si hai wala maiti. Watu wameanza kuniita mjane na mimi siitiki.

Tripeli ni pombe ya Kibelgiji, rangi ya dhahabu, kali kuliko inavyoonekana. Hezroni alifundishwa na Mbelgiji mmoja aliyekuwa akipika pombe mjini Mzuzu, akaja kuipika hapa kwetu kwa kimea cha kununua na mchele wa Kyela. Ikishachacha kwenye pipa inajazwa chupani na sukari kidogo, kizibo kinabanwa, na hamira inaendelea kuila ile sukari humo ndani. Kila wiki utamu unapungua, pombe inakauka na kupata ukali. Kazi ya mpishi ni kujua lini imefika.

Hii iliyomo ghalani tuliijaza wiki moja kabla hajaondoka. Aliniambia, "Sekela, usifungue hata moja mpaka nirudi nionje." Hakuwa anatania. Kwetu mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza mbele ya watu, ndipo wengine wanapokea. Pombe ambayo mwenyewe hajaigusa hakuna mwenye akili anayeinywa, kwa sababu hujui umewekewa nini. Na mimi nikionja kabla yake nitakuwa nimewatangazia watu kwamba mwenye pombe hayupo tena.

Lakini chupa zinapasuka. Lazima nijue hamira imemaliza kula au bado, la sivyo zote zitakwenda na ghala litakuwa vioo vitupu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefungua moja.

Nimetafuta njia ya kutomvunjia heshima. Nilimimina glasi yake kwanza, nikaiweka kwenye meza yake ya kuonjea mle ghalani, mbele ya kiti chake, nikaifunika na kisahani ili nzi wasiingie. Nikasema kwa sauti, "Onja, mwenye pombe." Nikangoja kidogo kama mjinga. Kisha nikajimiminia yangu.

Rangi ya dhahabu, ukungu kidogo. Povu jeupe, zito, linashika ukingo wa glasi. Harufu ya karafuu na ndizi mbivu, nyuma yake ganda la chungwa. Tamu mwanzoni, inapoingia kooni inakuwa kavu na kuacha joto kifuani. Bado wiki tatu au nne tu. Ile iliyopasuka nadhani chupa yenyewe ilikuwa mbovu.

Ni pombe nzuri. Nililia nikiwa bado nimeishika.

Jumanne, 11 Machi

Glasi yake imenywewa.

Kisahani kimewekwa pembeni. Ndani limebaki funda moja, chini kabisa. Nilimwita Lazaro nikamfokea mpaka sauti ikanikauka. Aliapa kwa watoto wake wote, mmoja mmoja kwa majina. "Dada Sekela, mimi hiyo pombe siwezi. Mwenyewe hajaionja. Nitaigusaje?"

Nilipotulia nikaiangalia tena. Tangu tulipooana Hezroni ana tabia moja ambayo ndugu zake walimcheka sana. Iwe chai, iwe togwa, iwe pombe, hamalizi. Ananiachia funda la mwisho. "La mke," anasema, na kunisogezea.

Nililinywa.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Lazaro kaleta kuni zilizolowa, tumegombana.

Jumapili, 16 Machi

Nilikwenda kanisani, nikaombewa kama mjane, nikarudi na hasira. Nikafungua chupa ya pili.

Glasi yake kwanza, kisahani juu. Kisha yangu. Sijui niandikeje. Ni tamu zaidi ya ile ya kwanza. Imekaa karibu wiki nzima zaidi, kwa hiyo ilipaswa kuwa kavu zaidi. Karafuu imefifia, ndizi imepanda. Nimesukutua mdomo kwa maji nikaonja tena. Tamu.

Inawezekana chupa hii ilipata sukari nyingi wakati wa kujaza. Hezroni angesema hivyo. Nimefunga ghala kwa kufuli na ufunguo nimeufunga kwenye ncha ya khanga.

Jumatatu, 17 Machi

Kufuli lipo kama nilivyoliacha. Glasi imenywewa, na funda langu limebaki, ila ni dogo kuliko la mwanzo.

Sikuogopa. Nimeandika hivyo ili nikisoma baadaye nijue sikuwa mwoga. Niliingia, nikamwambia ugonile, kama anavyosalimiwa mtu asubuhi, nikafuta meza.

Jumatano, 19 Machi

Asia amekuja kunitazama. Duka lake limegawana ukuta na ghala letu, na ananiuzia sukari. Ni mtoto wa watu wa pwani, babu yake alifika Kyela na biashara ya nguo na hakurudi. Pombe hanywi, lakini pua yake ni kali kuliko ulimi wangu. Nilimpa kizibo cha Jumapili anuse.

"Hii si pombe, mwenzangu. Hii togwa imeanza kukua."

"Imekaa mwezi mzima."

"Basi imekaa inarudi nyuma." Alicheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Kisha akaniuliza kama ninakula.

Jumapili, 23 Machi

Baba mkwe amekuja kutoka Makwale kwa bodaboda, kwenye mvua, mzee wa umri ule. Mimi na mzee Anyelwisye hatujawahi kutazamana usoni. Ndivyo tunavyoishi sisi na wakwe zetu, wale tunaoshika ya zamani. Akija yeye mimi najificha, nikipita mimi yeye anageuka. Kwa hiyo alikaa barazani kwenye stuli, mgongo ukielekea mlango, na mimi nikasimama ndani nyuma ya pazia.

"Ndaga, mwanangu," alinisalimu.

"Ndaga, tata," nilimwitikia kama mtu anavyomwitikia baba yake.

Alisikiliza mvua ikipiga bati. Halafu akasema ndugu wamekutana. Wamekubaliana kuweka msiba. Maiti haipo, kwa hiyo watazika shina la mgomba likiwa limevishwa shati lake.

"Mimi sizikiwi mgomba," nilimjibu. Sijawahi kumjibu hivyo mtu mzima, sembuse baba mkwe.

"Mwanangu, mtu asiyeliliwa anatangatanga."

"Hatangatangi. Yupo."

Aliuliza yuko wapi. Nikasema anarudi. Nilimwona kwa kitundu cha pazia, shingo yake nyembamba, kola imelowa. Hakubisha. Alisema tu, "Pombe yake nasikia umefungua."

"Nimemwonjesha yeye kwanza."

Hapo mabega yake yalishtuka. Aliondoka bila kunywa chai.

Jumapili, 30 Machi

Prisca amefika kutoka Matema. Yeye ndiye anayesimamia baa ya hoteli ya wageni pale ufukweni, na ndiye aliyeiagiza hii tripeli kwa ajili ya watalii wa Juni. Prisca hana maneno mengi wala mila nyingi. Anavaa buti za mpira, anaonja, anasema kweli, anaondoka.

Nilimimina ya Hezroni kwanza. Aliona, hakuuliza. Akanusa yake, akaonja, akaiweka chini, akaiinua tena kuitazama kwenye mwanga wa mlangoni.

"Sekela, mmejaza lini?"

"Mwanzoni mwa Februari."

"Hapana. Hii mmejaza juzi. Sukari haijaguswa, gesi hakuna." Alinisogezea glasi. "Sikulaumu. Najua ulichopata. Ila usiniambie Februari."

Nilimwonyesha kreti, vumbi juu ya vizibo, tarehe iliyoandikwa kwa mkono wa Hezroni. Akachagua chupa mwenyewe, kutoka rafu ya nyuma, akaifungua mwenyewe. Alipoonja ile ya pili aliitema sakafuni. Si kwa sababu ilikuwa mbaya.

"Hii ni changa kuliko ile," alisema. "Nimefungua hii baada ya ile na ni changa zaidi."

Alivaa koti lake la mvua akielekea nje. Kwenye mlango alinishika mkono, mkono wake ulikuwa wa baridi, akasema nikalale kwa Asia kwa siku kadhaa. Nikamshukuru. Sikwenda.

Alhamisi, 3 Aprili

Barabara ya Matema imekatika. Maji yameufunika mpunga mpaka shingoni.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeelewa, na tangu nimeelewa sijaketi.

Si suala la chupa ipi iko rafu ipi. Ni ninavyofungua. Kila ninayofungua ni changa kuliko iliyotangulia. Pombe hii haikui kwa sababu mwenyewe hajaionja mbele ya watu, na kwa kuwa haiwezi kukua inarudi. Ya kwanza ilikuwa ya Machi. Ya wiki iliyopita ilikuwa ya Februari, siku chache baada ya kujaza. Nikiendelea kufungua nitafika siku tuliyojaza. Siku ile Hezroni alikuwa amesimama hapa hapa, amekunja suruali, anaimba vibaya, anapitisha chupa kwangu.

Akiwa bado hapa, hajaenda Katumba.

Najua ninachoandika. Hata mimi ningemsikia mwanamke mwingine akisema haya ningemwitia mchungaji. Lakini ulimi wangu haujawahi kunidanganya. Hezroni aliuamini kuliko wake.

Jumatatu, 7 Aprili

Moja. Tamu.

Jumanne, 8 Aprili

Mbili, asubuhi na jioni. Zote nimemwekea kwanza. Glasi ya asubuhi ilikuwa imenywewa kabla ya mchana, na mimi nilikuwa nje hatua chache nikiosha mapipa. Sikusikia kitu isipokuwa mvua. Kiti chake kilikuwa kimevutwa nyuma, kama mtu aliyetoka kwenda kujisaidia na anarudi sasa hivi.

Funda aliloniachia ni la kulowesha ulimi tu. Ana kiu, nilijiambia. Ametoka mbali.

Ijumaa, 11 Aprili

Kiti kimelowa. Bati halivuji mahali pale, nimepanda mwenyewe kuangalia. Nilikifuta kwa khanga. Maji yalinuka tope la Songwe, lile tope lenye majani ya matete.

Nilikaa hapo hapo palipolowa, mpaka nguo ikaloa. Nilifurahi. Sina neno jingine.

Jumatatu, 14 Aprili

Lazaro ameacha kazi. Amesimama mlangoni, kofia mkononi, hakuvuka kizingiti. "Dada, mimi nakuheshimu, na kaka nilimpenda. Lakini jana nimemsikia anakohoa humu ndani."

"Alikohoaje?"

"Kama yeye. Ila kama zamani, tulipokuwa vijana tunacheza mpira Kyela mjini. Kabla hajawa na kifua kile cha moshi wa kuni."

Nilimwambia aende salama. Baada ya yeye kuondoka nilikaa nikisikiliza, lakini mvua ilikuwa kubwa.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Kengele imelia, Asia amenipikia pilau ingawa si sikukuu yake. Nilikula matonge mawili matatu nikarudi ghalani.

Chupa ya leo ni siku ya kujaza. Naapa. Haina gesi kabisa, uvuguvugu, sukari imesimama peke yake haijachanganyika, na juu kuna harufu ya sabuni ya kipande tuliyooshea chupa siku ile. Nilifumba macho na nilikuwa pale. Nilisikia plastiki ya beseni ikisuguliwa sakafuni. Kama ningenyoosha mkono ningemgusa shati.

Nilinyoosha mkono. Hewa ilikuwa ya baridi mahali pale na hapakuwa na mtu.

Kesho nitafungua nyingine.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekosea mahali.

Chupa ya leo haikuwa siku ya kujaza. Imepita. Ni pombe ikiwa bado kwenye pipa, imechafuka, hamira inaelea, inachoma ulimi. Haikusimama kwenye ile siku niliyokuwa nikiingoja. Inaendelea kurudi.

Na glasi yake imenywewa yote. Nimeigeuza juu chini kwenye kiganja changu na halikutoka hata tone. Kavu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefungua mbili, kwa hofu sasa. Ya kwanza ni maji ya kimea yaliyotoka jikoni, matamu, ya moto ingawa chupa ni ya baridi. Ya pili ni maji na mchele. Glasi zake zote mbili kavu.

Nimefikiri mchana kutwa na nitaandika ninavyoweza.

Tabia ya kuniachia funda la mwisho ilianza tulipooana. Kabla ya hapo alikuwa kijana kama wengine, anamaliza kikombe chake na kutafuta cha mwenzake. Mwezi wa tatu aliniachia funda zima. Kisha dogo. Kisha la kulowesha ulimi. Sasa hakuna. Nilidhani ni kiu. Lazaro alinieleza kuhusu kikohozi na mimi sikusikia, nilikuwa nashughulika kufurahi.

Pombe inarudi na yeye anarudi nayo. Lakini hasimami kwangu njiani. Nilimvuta akapita siku tuliyojaza, akapita siku aliyonunua mapipa, na sasa yuko kabla ya arusi yetu. Huyo anayekaa kwenye kile kiti, anayekilowesha kwa maji ya Songwe, anayekunywa ninachomwekea, hanijui. Kwake mimi ni mwanamke fulani anayemimina pombe.

Na chupa bado zimejaa rafu mbili. Nikiendelea atakuwa mtoto. Nikiendelea zaidi atakuwa nani?

Jumatano, 23 Aprili

Sijafungua. Mchana jua lilitoka kidogo. Niliingia kuchukua beseni na kile kiti kilikuwa kimegeuzwa kuelekea mlango. Kimenigeukia mimi. Nilihisi natazamwa, si kwa ubaya, bali kwa udadisi, kama mgeni anavyotazama mwenye nyumba asiyemfahamu.

Nilisema jina lake. Nikasema langu. Nikasema, "Ni mimi, mke wako."

Glasi tupu ilisogea mezani. Kidogo tu, kuja upande wangu. Sikuwa nimekunywa kitu. Alikuwa anaomba aongezewe.

Nilitoka nikafunga mlango, nikaenda kwa Asia na kukaa kwenye magunia yake ya sukari mpaka alipofunga duka. Alinipa khanga kavu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda Makwale kwa miguu, maana bodaboda hazipiti. Tope mpaka magotini. Baba mkwe alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza kakao iliyokataa kukauka. Aliponisikia akageuka upande, nami nikasimama nyuma ya mgomba tusionane.

Nilimweleza yote. Sijawahi kumweleza mtu yote. Alisikiliza akiwa ameshika reki yake ya kugeuzia kakao.

"Nilijua siku ile uliposema umemwonjesha," alisema. "Mwanangu, glasi ya kwanza ni ya mwenye pombe. Kila ukiimimina ulikuwa unamwambia, wewe ndiye mwenyewe, njoo. Angefanya nini? Amekuja."

"Nilitaka arudi kwangu."

"Najua. Hata mimi nilitaka." Aligeuza kakao kidogo, akarudi kwenye maneno. "Sasa mwenye pombe hayupo. Pombe ya nyumba anaonja aliyebaki nyumbani."

"Basi uonje wewe, tata."

"Mimi nina nyumba yangu. Ile ni yako."

Nililia pale nyuma ya mgomba kama mtoto. Nilijua anachoniambia nifanye. Nikionja kwanza nimekwisha sema, mbele ya watu wote, kwamba Hezroni amekufa. Hakuna tena wa kumngojea.

"Na asipojua kwamba nilimpenda?" nilimuuliza. "Yule aliyepo sasa hanijui."

Mzee alifikiri. "Huyo wa sasa umemtengeneza wewe kwa kumvuta. Mwache, arudi kwenye umri wake. Huko anakujua."

Alhamisi, 1 Mei

Mvua inapungua. Ndugu wamepanga msiba uwe Jumamosi ya wiki ijayo. Prisca ametuma salamu na kreti za soda.

Jumatano, 7 Mei

Lazaro amerudi bila kuitwa, amefagia uwanja. Amenunua turubai. Ghalani hajaingia, na mimi sikumlazimisha.

Jumamosi, 10 Mei

Tumemzika. Shina la mgomba, limevishwa shati lake la bluu, lile la kupikia lenye doa la kimea kifuani. Nilidhani nitaona aibu. Lilipokuwa linashushwa nilipiga ukelele ambao sikujua ninao, na wanawake wakanishika.

Baada ya maombi watu walikaa chini ya turubai. Lazaro na vijana wawili walitoa kreti. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia. Walinitazama mimi.

Nilichukua chupa, nikaifungua. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwenda kwenye glasi yake kwa mazoea, na ilibidi niuzuie kwa mkono mwingine. Nilimimina moja tu. Nikasimama ili wanione wote. Baba mkwe alikuwa mbele kabisa kwenye stuli yake, amenipa mgongo kama ilivyo desturi, kichwa ameinamisha.

"Mwenye pombe alikuwa Hezroni," nilisema. "Sasa ni mimi."

Nikaonja.

Nilitegemea maji na mchele. Ilinijia kavu, kali, imekomaa. Povu lilinishika mdomoni. Karafuu, kisha pilipili kidogo, kisha ganda la chungwa, na ule uchungu mzuri wa mwisho ambao alikuwa anautafuta miaka yote na kila safari anasema bado, Sekela, bado kidogo. Joto lilishuka mpaka tumboni. Imefika. Ni bora kuliko zote alizowahi kupika, na yeye hataijua.

Nilimfikishia baba mkwe glasi. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikaiweka kwenye vidole vyake. Alikunywa, kisha mabega yakaanza kutikisika. Hapo ndipo watu waliponyoosha mikono. Prisca aliyekuwa amekuja kwa buti zake alionja, akanitazama, akaitikia kwa kichwa taratibu. Hata Asia alinusa.

Walipoondoka nilichukua glasi yake, nikaijaza, nikaipeleka ghalani mezani. Ya mwisho kumiminwa, si ya kwanza. Nikaifunika na kisahani. Sikusema aonje. Nilimwambia tu asante kwa pombe.

Jumapili, 11 Mei

Jua. Njiwa wamejaa kwenye bati.

Nilifungua ghala taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kiti kimekauka. Kisahani kipo juu ya glasi, pale pale nilipokiweka. Nikakiinua.

Imejaa. Povu limekwisha, lakini pombe imefika ukingoni kama nilivyoimimina, wala hapana alama ya mdomo. Hakuna aliyeigusa.

Niliitazama muda mrefu sana. Wiki zote zile niliogopa nilipoikuta imepungua, hata nilipoandika kwamba sikuogopa, na sikujua kwamba hofu ile ilikuwa na mtu ndani yake. Hii haina mtu.

Nilikaa kwenye kiti chake nikainywa. Ilipofika chini nikaacha funda moja, nikaisogeza upande wa pili wa meza.